Historia ya Majina ya Vifaa: Kutoka Zamu hadi Dhati

Korbesa ni kijiji cha wafugaji katika kaunti ya Isiolo, jirani na Merti, katika nyika inayotegemea Ewaso Nyiro mto unapojaa na visima mto unapokauka. Nao Waborana wakaao huko, kama ndugu zao walio ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia, wamerithi kwa wazee wao sheria ya kisima ambayo kila mgeni mwenye kuzingatia huistaajabia. Kwa sheria hiyo kisima kina abba konfi, naye ndiye aliyekichimba au mrithi wake, ambaye haki yake haiondoki kwa kupita siku; na kina abba herega, ambaye kazi yake ni kupanga zamu ya kunywesha, leo mifugo ya fulani itangulie na kesho ifuate, kwa kadiri ya haki na haja na mashauri ya wazee. Zamu hubadilika, haki ya kisima haibadiliki, wala hapana mtu atakayesema kwamba kundi lililotangulia kufika asubuhi limegeuka, kwa kutangulia huko tu, kuwa kundi la mtu mwingine.

Historia ninayokusudia kuisimulia ni ya mifumo ya uendeshaji ya kompyuta, ambayo kwa muda mrefu iliyachanganya mambo hayo mawili, ikakiita kifaa kwa namna kilivyofika badala ya kukiita kwa namna kilivyo. Na ni historia ya watu waliotaabika kuyatenganisha, wakafaulu hapa, wakashindwa pale, wakabishana miaka mingi, mpaka wakatuachia kanuni ambazo leo tunazitumia bila ya kuijua asili yake. Jambo hili laweza kuonekana dogo machoni pa mtu wa Nairobi ambaye fundi wake yu mtaa wa pili. Kwa kompyuta iliyofungwa Korbesa, au Sericho, au Oldonyiro, ambako fundi hana budi kusafiri kutoka mji wa Isiolo kwa barabara ya vumbi na matope, diski iliyopotewa na jina lake ni kazi iliyosimama mpaka gari lipatikane.

Chanzo chake ni mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuutunga mfumo uliokuja kuitwa Unix, kwanza juu ya mashine ya PDP-7 na baadaye juu ya PDP-11. Miongoni mwa rai zao zilizodumu, sijui iliyozidi hii kwa wepesi na kwa nguvu: kwamba kifaa nacho kionekane kama faili, ili programu inayojua kuandika katika faili ijue, kwa elimu ile ile, kuandika katika utepe wa sumaku, katika diski au katika mashine ya kuchapia. Faili hizo za vifaa zikakusanywa katika saraka moja iitwayo /dev, na mwongozo wa kwanza wa Unix, wa tarehe 3 Novemba 1971, unazitaja moja moja: /dev/mem ni kumbukumbu ya mashine yenyewe, /dev/rk0 ni diski, na tepu ni /dev/tap0 mpaka /dev/tap7.

Majina hayo, hata hivyo, yalikuwa kwa ajili ya binadamu. Kiini cha mfumo, yaani ile programu iliyo chini ya programu zote, hakikuyasoma; katika matoleo yaliyofuata kilisoma nambari mbili zilizofungamana nayo, nambari kuu iliyoonyesha ni sehemu gani ya kiini inayoendesha vifaa vya aina ile, na nambari ndogo iliyoonyesha ni kifaa cha ngapi katika aina hiyo. Msimamizi wa mashine aliziunda faili hizo kwa mkono wake, kwa amri iitwayo mknod, na kwa kuwa vifaa vilifungwa kwa skrubu ndani ya makabati ya chuma, na aliyevifunga ndiye aliyeviandikia majina, hapakuwa na hitilafu. Diski ya rk0 ilikuwa ile iliyosimama pale karibu na ukuta, na kesho yake ilikuwa pale pale. Tangu hapo, basi, katika msingi wenyewe, swali la kifaa hiki ni kipi lilijibiwa kwa nambari ya hesabu, cha sifuri, cha kwanza, cha pili. Na jibu hilo lilitosha maadamu vifaa havikuhama.

Mwaka 1991, tarehe 25 Agosti, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anatunga mfumo wa bure kwa kompyuta ndogo za mezani, na mfumo huo, ulioitwa Linux, ukairithi /dev pamoja na nambari zake mbili. Katika kompyuta hizo za mezani diski za kawaida ziliunganishwa kwa waya mpana wa IDE, na Linux ikaziita kwa mahali zilipofungwa: hda ilikuwa ya kwanza katika waya wa kwanza, hdb ya pili katika waya huo huo, hdc na hdd zikawa za waya wa pili. Ni insafu kusema kwamba mtindo huo ulikuwa mwema kuliko sifa uliyopewa baadaye, kwani ukiing'oa hda, hdc ilibaki hdc; jina lilifuata mahali, na mahali hapakuhama ila kwa mkono wa mtu.

Balaa lilikuja na diski za aina nyingine, za SCSI, ambazo Linux iliziita sda, sdb, sdc kwa utaratibu wa kugunduliwa tu: iliyojibu mwanzo ikawa a, iliyofuata ikawa b. Hapo ndipo zamu ilipovaa vazi la jina. Baadaye USB, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa Januari 1996, ikavileta vifaa vinavyochomekwa na kuchomolewa mashine ikiwa inaendelea na kazi, na diski zake pamoja na flashi zote zikaingia katika safu hiyo hiyo ya sd. Na ilipofika mwaka 2006 na 2007, waendelezaji wa kiini walipozihamishia diski za IDE katika maktaba mpya ya uendeshaji, hata zile zilizokuwa na raha yao katika jina la hda ziliamka siku moja zinaitwa sda, nazo zikaingia katika foleni pamoja na wenzake.

Tuitazame hasara hiyo kwa karibu. Tuchukulie kompyuta yenye diski mbili, ya kwanza ina mfumo, ya pili ina daftari za zahanati au za shule, na katika faili ya /etc/fstab, inayoueleza mfumo ni diski gani ifunguliwe wapi, imeandikwa kwamba daftari zipo katika /dev/sdb1. Mtu anasahau flashi katika tundu, umeme unakatika, umeme unarudi, na flashi inajibu kabla ya diski ya pili. Sasa flashi ndiyo sdb na daftari zimekuwa sdc. Ikiwa bahati njema, mfumo unalalamika na kusimama. Ikiwa bahati mbaya, ile programu ya kila usiku iliyoamriwa kufuta sdb na kuinakili upya inafuta na kunakili kama ilivyoamriwa, kwa uaminifu kamili, juu ya kifaa kisichohusika. Mashine haikukosea hata kidogo. Imeitii amri iliyotaja zamu ilhali mwandishi wake alikusudia dhati, yaani kifaa chenyewe.

Taabu ya pili ilikuwa ya wingi. Nambari kuu na nambari ndogo zilipewa nafasi ya biti nane nane, maana yake 256 kwa kila moja, na kila diski ya SCSI ilichukua nambari ndogo 16, yake mwenyewe na za sehemu zake 15, hata diski 16 tu zikaimaliza nambari kuu nzima. Aliyeshika daftari la nambari hizo alikuwa H. Peter Anvin, na ilipofika 2001 Torvalds alizuia nambari mpya zisigawiwe tena ovyo. Huku nyuma, kwa kuwa mtengenezaji wa mfumo hakuweza kujua mnunuzi atachomeka nini, saraka ya /dev ilijazwa tangu mwanzo kila jina liwezekanalo: katika toleo la Red Hat 9, la mwaka 2003, yalihesabiwa zaidi ya majina 18,000, mengi yake yakiwa ya vifaa ambavyo mwenye mashine hakuvimiliki wala hakutazamia kuvimiliki. Mtu aliyetaka kujua ana nini alisoma orodha ya vitu asivyokuwa navyo.

Aliyelishika jambo hili mwanzo kwa mikono miwili ni Richard Gooch, mtu wa Australia, aliyetunga devfs, ambayo iliingia katika kiini Februari 2000 na kuwafikia watu wote kwa toleo la 2.4 la Januari 2001. Rai yake ilikuwa kwamba kiini chenyewe kiijaze /dev, na kijaze vilivyopo tu; kifaa kikija jina litokee, kikienda jina liondoke. Rai hii ilikuwa sahihi, na sote tunayala matunda yake leo. Lakini Gooch aliingiza ndani ya kiini jambo jingine pia, nalo ni namna ya majina yenyewe, akazipanga diski katika njia ndefu za host na bus na target, na hapo akawagusa wenzake mahali pabaya. Walisema kwamba kiini ni cha watu wote na hakifai kuwaamulia watu vifaa vyao viitweje. Na fauka ya hayo, wapekuzi wa msimbo, Al Viro akiwa mbele yao, walionyesha humo kasoro za kushindania wakati, ambapo matendo mawili yaliyokutana katika nukta moja huharibiana. Ubishi ulikuwa mkali kupita kiasi cha adabu. Gooch akanyamaza, devfs ikabaki bila mlezi, na mwaka 2006, katika toleo la 2.6.18, ikaondolewa kabisa. Katika hukumu yangu alidhulumiwa nusu: nusu ya kazi yake ilistahili kuachwa, na nusu ya pili, kama tutakavyoona, ilirudi kwa jina jingine.

Mwezi Aprili 2003 Greg Kroah-Hartman, akifanya kazi kwa kampuni ya IBM, alitoa toleo la kwanza la programu ndogo aliyoiita udev, na Julai ya mwaka huo akaieleza mbele ya mkutano wa Linux wa Ottawa, Kanada. Walioshirikiana naye katika siku za awali ni Dan Stekloff na Kay Sievers, na huyo Sievers ndiye aliyekuja kuibeba kazi hiyo kwa miaka mingi. Tadbiri yao ilikuwa ya kugawa kazi. Kiini kitoe habari tu: kitu kimefika, hiki hapa wasifu wake, na wasifu huo kiuweke wazi katika saraka ya /sys, ambayo Patrick Mochel alikuwa ameitunga kwa ajili ya toleo la 2.6, yaani mtengenezaji ni nani, modeli gani, nambari ya mfululizo ya kiwandani ni ipi, kimepita tundu lipi na mzazi wa tundu hilo ni nani. Kisha programu iliyo nje ya kiini, ambayo kila mwenye mashine aweza kuiamrisha, iusome wasifu huo, ifungue kanuni zilizoandikwa katika /etc/udev/rules.d, izipitie kwa utaratibu wa majina ya faili zake, na kanuni itakayolingana na mgeni ndiyo impe jina.

Thamani ya mgawanyo huo ni kwamba haki ya kutoa jina ilimrudia mwenye mali. Kiini kikasema ukweli, na mwenye mali akaamua kwa ukweli upi kati ya zile kweli nyingi kitu kiitwe. Baadaye, kwa hekima iliyotokana na majeraha, waliamua kwamba jina la kiini lisifutwe bali lakabu iongezwe juu yake: sdb ibaki sdb, na pembeni yake pawe na kiungo kinachoielekea, kisichobadilika hata sdb ikiwa sdc kesho. Ndiyo maana leo, katika kompyuta ya kawaida ya Linux, ukifungua saraka ya /dev/disk, utakuta diski moja ina lakabu kadhaa kwa wakati mmoja. Katika by-id imeitwa kwa modeli na nambari yake ya mfululizo. Katika by-path imeitwa kwa njia iliyopita, kadi gani na tundu gani. Katika by-label kwa jina alilolibandika mtu. Na katika by-uuid kwa kitambulisho cha biti 128, tarakimu na herufi 32 zilizokatwa kwa vistari vinne, ambacho huandikwa ndani ya diski siku inapoumbizwa na husafiri nayo popote iendako. Zahanati yetu ile, kama fundi angaliandika UUID katika fstab badala ya /dev/sdb1, daftari zake zingalifunguliwa zilipotakiwa, flashi iwepo isiwepo.

Katika nchi zetu habari hii iliwafikia wengi bila ya kutambulishwa. Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulisambazwa kwa CD zilizopelekwa bure kwa posta duniani kote, na wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki waliionja Linux mara ya kwanza kwa CD hizo. Toleo lake la 6.10, la Oktoba 2006, liliandika UUID katika fstab. Wengi waliofungua faili hiyo baada ya hapo waliudhika kuona mstari mrefu wa tarakimu zisizosomeka mahali palipokuwa na jina fupi, wakairudisha sdb kwa sababu ya kuzoea. Mstari ule usiosomeka ulikuwa umepatikana kwa jasho la miaka.

Nimeichukulia UUID kuwa dhati ya diski, na sharti nieleze mipaka yake, kwa kuwa hapo ndipo mafundi hudanganyika. Ukiinakili diski nzima neno kwa neno, kama wafanyavyo wanaotayarisha kompyuta kumi za shule kwa siku moja, unanakili na UUID yake, na ukizichomeka mbili pamoja mashine inakuta wawili wenye jina moja. Flashi zilizoumbizwa kwa FAT hazina biti 128 bali 32 tu, herufi nne, kistari, herufi nne. Kitambulisho kilichoandikwa ndani ya diski hudumu kadiri maandishi yanavyodumu. Mwenye kuiumbiza diski upya amekiondoa.

Ama kwa vifaa visivyo diski, mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo nyika ya Isiolo inapolijua jambo hili kuliko pwani. Nyaya za baharini za TEAMS na Seacom zilitua Mombasa mwaka 2009 na intaneti ya miji ikanenepa, lakini maofisi yaliyo mbali na waya yaliunganishwa kwa modemu za USB, zile ndogo zenye laini ya simu ndani, nyingi kati yake zikiwa za Huawei. Modemu ya namna hiyo ikichomekwa hujionyesha kwanza kama CD yenye programu za Windows, na katika Linux haina faida mpaka programu ya usb_modeswitch, iliyotungwa na Josua Dietze, iiamuru igeuke. Ikigeuka, aghalabu hujitokeza kama milango mitatu, ttyUSB0, ttyUSB1 na ttyUSB2, mmoja wa kupitishia data, mwingine wa kupokea amri. Tangu Ken Banks alipotoa FrontlineSMS mwaka 2005, mashirika mengi yasiyo na fedha yamejua kwamba kompyuta moja na modemu moja yatosha kupeleka na kupokea ujumbe mfupi wa watu mamia, habari za chanjo, za malisho, za ukame.

Sasa weka modemu mbili, moja ya mtandao huu na moja ya mtandao ule, kwa kuwa mahali pa nyika mtandao mmoja hautegemewi. Ya kwanza kujibu inachukua 0 mpaka 2, ya pili inachukua 3 mpaka 5, na programu ya ujumbe imeandikiwa itumie ttyUSB0. Jua limezama, betri ya sola imeisha, asubuhi mashine inaamka, na modemu zimejibu kwa zamu nyingine. Ujumbe utaendelea kutoka, lakini utatoka kwa laini isiyokusudiwa, na wafugaji waliozoea kujibu nambari moja wataona nambari ngeni. Wala dhati haikusaidii hapa, kwa sababu modemu nyingi za bei nafuu hazikuandikiwa nambari ya mfululizo iliyo ya pekee. Mbili za modeli moja hujitambulisha kwa maneno yale yale, mtengenezaji 12d1, yaani Huawei, bidhaa ile ile, na kimya baada ya hapo. Vivyo hivyo chipu maarufu ya CH340, inayotumika katika maelfu ya mizani, vipima hali ya hewa na vifaa vya kujifunzia, ambayo kiwanda chake aghalabu kimeitoa bila nambari ya kuitofautisha moja na nyingine.

Hapo fundi mwenye kuelewa huitumia haki aliyopewa na udev na kuandika kanuni inayosema hivi kwa maneno yetu: ukimwona mgeni wa jamii ya tty, ambaye mtengenezaji wake ni 12d1, aliyeingia kwa tundu la kwanza la mashine hii, na ambaye ni mlango wake wa tatu, mpe lakabu /dev/laini-ya-ujumbe. Programu huandikiwa lakabu hiyo na haisikii tena habari ya 0 wala 3. Kisha, na hili ni la lazima kama kanuni yenyewe, hubandika karatasi juu ya tundu la kwanza na kuandika modemu ipi ikae hapo, kwa kuwa amechagua jina la mahali, na mahali hulindwa na watu.

Kadi za mtandao zilikuwa na kisa chake mbali. Hizo hazina faili katika /dev, kwa hiyo haziwezi kupewa lakabu ya kiungo. Jina lake ni moja, nalo lilikuwa eth0, eth1, eth2 kwa zamu. Udev kwanza ilijaribu kuandika katika faili anwani ya MAC ya kila kadi, biti 48 zitokazo kiwandani, na jina lililopewa kadi hiyo mara ya kwanza. Njia hiyo ilileta vurugu mashine ziliponakiliwa au kadi ilipoungua na kubadilishwa, ikawa kadi mpya inaitwa eth1 katika mashine isiyo na eth0. Kampuni ya Dell ikatoa programu ya majina iitwayo biosdevname, iliyoingia Fedora 15 mwezi Mei 2011, na Januari 2013 systemd, programu ya kuuanzisha na kuusimamia mfumo, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imeimeza udev, ikaleta katika toleo la 197 majina ya kubashirika: eno1 kwa kadi iliyo katika ubao wenyewe, enp2s0 kwa kadi iliyo katika basi nambari 2, yaani njia ya data ndani ya mashine, wlp3s0 kwa ya bila waya. Watu waliyachukia kwa sura yake mbaya, na chuki hiyo haikuwa na haki. Lakini dosari yake ya kweli ilikuwa nyingine, kwamba ukiongeza kadi katika mashine hesabu ya mabasi yaweza kusogea na enp2s0 ikaamka enp3s0, na kwamba matoleo mapya ya systemd yenyewe yalibadili namna ya kubashiri. Desemba 2018, katika toleo la 240, watungaji walilazimika kuvipa vipindi vya majina nambari, ili mwenye mashine aweze kushikilia kipindi alichokizoea. Na Januari 2020, kiini cha 5.5 hatimaye kiliruhusu kadi moja kuwa na majina ya ziada, kama diski zilivyoruhusiwa zamani.

Nilitaja kwamba nusu ya kazi ya Gooch ilirudi. Mwaka 2009, katika toleo la 2.6.32, Sievers na Kroah-Hartman wenyewe, pamoja na Jan Blunck, waliingiza devtmpfs, ambayo kwayo kiini huijaza /dev kwa vilivyopo tu, kwa majina yake ya asili, na udev huja nyuma yake kutoa lakabu na ruhusa. Miaka tisa baada ya devfs kuingia, na mitatu baada ya kufukuzwa, kiini kilikuwa kinaifanya tena kazi ile aliyoitaka, ila kimeacha kuwaamulia watu majina.

Wapo wanaodhani kwamba shida yote ingekwisha kama kila kifaa kingechongwa nambari yake kiwandani. Kenya imelijaribu hilo kwa simu. Kila simu hutakiwa kuwa na IMEI, tarakimu 15, nane za kwanza zikitaja modeli na sita zinazofuata zikiitaja simu yenyewe. Na baada ya tarehe 30 Septemba 2012, kwa agizo la Tume ya Mawasiliano, simu bandia zinazokaribia milioni 1.9 zilizimwa katika mitandao ya nchi. Tanzania ilifanya vivyo hivyo Juni 2016. Miongoni mwa simu hizo zilikuwamo zenye IMEI za uongo na zilizoshirikiana nambari moja kwa wingi, na waliozinunua, wengi wao maskini, hawakujua kwamba simu zao hazina jina la halali. Nambari ya kiwandani ni amana ya kiwanda. Kiwanda kikikosa uaminifu, dhati yenyewe ni ya kughushi.

Swali hilo hilo limefika hata kwenye maji. Mradi wa Kenya RAPID, wa miaka mitano kuanzia 2015, kwa fedha za Marekani na Uswisi, katika kaunti za Garissa, Isiolo, Marsabit, Turkana na Wajir, ulitumia vihisi vilivyofungwa katika pampu za visima virefu kupima umeme unaopita, ili ijulikane mbali ni pampu ipi inayofanya kazi na ipi imesimama. Kihisi kina nambari yake, na kisima kina jina lake, na mambo hayo ni mawili. Kihisi kikiharibika na kingine kikafungwa mahali pake, historia ya maji sharti ibaki na kisima. Kihisi kikihamishwa, historia ya kuharibika kwake sharti iende nacho. Daftari inayotunza nambari ya kihisi peke yake itasema siku moja kwamba kisima kimehama.

Kwa vijana wa Korbesa na Merti wanaosomea ufundi huu, na wako, nina ombi moja la kazi. Mkifunga kompyuta mahali ambapo hamtarudi upesi, msiiache na sdb wala ttyUSB0 katika faili yoyote inayoamuru kazi. Diski iandikieni UUID. Kifaa chenye nambari ya pekee kiandikieni kanuni ya nambari hiyo. Kisicho nayo kiandikieni kanuni ya tundu lake, na tundu mlibandike karatasi. Kisha izimeni mashine, chomoeni kila kitu, mvichomeke kwa utaratibu mwingine, muiwashe tena, na mtazame kabla ya kupanda gari.